Mjuaji Usimjibu kwa Hoja, Mpe Zamu

Haya ni maneno niliyozungumza mbele ya mkutano wa waandishi wa programu na wasimamizi wa mifumo. Wapo walioshindwa kufika wakaomba wayapate, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo, habari za mchana. Wenye kustahili shikamoo, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie mjuaji, mtu mwenye maoni mengi juu ya kazi ambayo hajaishika, ambaye kila mmoja wenu amekwisha kumfikiria kabla sijafungua mdomo. Sitamtaja jina. Naomba na nyinyi msigeuze shingo kumtazama aliyekaa kiti cha pili.

Mnamjua. Kikao kimeanza saa tatu asubuhi, mada ni kwa nini mfumo wa malipo unasuasua kila mwisho wa mwezi. Dada anayeusimamia ameanza kueleza: kuna jedwali moja kwenye hifadhidata halina faharasa, yaani orodha ya kutafutia haraka, na ripoti ya wahasibu ikiendeshwa inalisoma lote, mstari kwa mstari. Hajamaliza. Mwenzetu anaegemea kiti, anasema: "Tatizo letu ni kubwa kuliko hilo, jamani. Usanifu wenyewe umepitwa na wakati. Wenzetu siku hizi wanauvunja mfumo kuwa huduma ndogondogo, kila moja programu yake, wanazitia kwenye makontena, vile vifurushi vya kuendeshea programu, mambo yanajiendesha yenyewe." Chumba kizima kinamgeukia. Saa nzima inaishia kwenye makontena. Kikao kinafungwa, faharasa haijawekwa, na mwisho wa mwezi mfumo unasuasua vilevile.

Sasa niulize. Huyu amewahi kuyaendesha hayo makontena? Amewahi kuamshwa saa nane za usiku kwa sababu huduma moja kati ya ishirini imekaa kimya na hakuna anayejua ni ipi?

Sikuja kumsema mtu. Huyu tunayemwita mjuaji mara nyingi si mjinga wala si mwongo. Pengine anasoma kuliko sisi sote. Anafuatilia, anasikiliza wataalamu, na Jumamosi amekwisha kuujaribu mfano mdogo kwenye kompyuta yake na ukafanya kazi. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenzetu kitanda amekiona kwenye picha, na kwenye picha ni kizuri kweli. Ukimwambia kina kunguni, anaona unamwonea wivu.

Kwa hiyo tunafanyaje? Wengi wetu tuna njia mbili tu. Ama tunanyamaza na kunung'unika kwenye korido, ama tunamjibu papo hapo, maoni kwa maoni, mpaka kikao kiwe ngoma ya mashindano. Kwenye mashindano ya maneno, ndugu zangu, anayeshinda ni mwenye maneno. Aliyeshika kazi anajua mambo kumi yanayoweza kuharibika, kwa hiyo anasitasita. Aliyesoma tu hana la kumsitisha. Mkitoka nje, watu watasema yule ndiye anayejiamini.

Mimi nasema mjadala huo usiuingie. Usogeze karibu na kazi. Yote nitakayosema leo yanazunguka hapo.

La kwanza, muulize "vipi".

Mwaka 2002 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Leonid Rozenblit na Frank Keil, walichapisha majaribio ambayo napenda sana kuyasimulia. Walichukua vitu vya kawaida: zipu, kufuli, choo cha kuvuta maji. Wakamuuliza mtu, unaelewa kiasi gani kitu hiki kinavyofanya kazi? Mtu akajipa alama zake, nzuri tu. Wakamwambia haya, eleza basi, hatua kwa hatua, kinavyofanya kazi. Akaandika, akakwama, akaandika tena. Kisha wakamwomba ajipe alama upya.

Alama zikashuka.

Nani alizishusha? Hakuna aliyemcheka. Hakuna aliyemwambia hujui. Alizishusha mwenyewe, kwa kalamu yake. Na hao hawakuwa wajuaji wa ofisini, walikuwa watu wa kawaida. Maana yake ugonjwa huu ni wa wote. Mimi ninayo zipu yangu, na wewe unayo yako.

Tazameni sasa tunavyofanya sisi. Mwenzetu akisema tuhamie kwenye teknolojia fulani, tunamuuliza "kwa nini?" Hapo umempa kipaza sauti. Sababu anazo, amezisoma zote. Muulize vipi. "Kaka, tukishaugawa mfumo, huduma ya kwanza ikakata pesa za mteja na ya pili ikaanguka kabla ya kuandika risiti, tunafanyaje? Nani ataligundua, na ataligundua wapi?" Halafu nyamaza. Chukua kalamu, andika ubaoni anachojibu. Asipojibu, ubao utabaki mweupe na kila mtu atauona bila wewe kusema neno.

Lakini sauti ni muhimu jamani. Ukiuliza kama hakimu, atajitetea kama mshtakiwa, na hapo mmerudi kwenye ngoma. Uliza kama mtu ambaye kesho ndiye atakayekaa kwenye hiyo kazi. Na uwe tayari kwa jambo moja: anaweza kujibu. Akajibu vizuri, na kwa undani. Basi huyo si mjuaji, huyo ni mjuzi ambaye hamkumpa nafasi, na mshukuru Mungu kwamba mliuliza.

La pili. Kuna maoni ambayo hayapigiwi kelele na mtu mmoja, ni ya ofisi nzima, na hayo ndiyo yanayoniogopesha. Kuna ofisi yoyote hapa ambayo haina nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya data? Nyoosheni mikono. Hakuna! Wote mnazo. Sasa, ni nani katika miezi michache iliyopita amechukua nakala hiyo, akairudisha kwenye seva tupu, na mfumo ukaamka?

Naona mikono imepungua sana.

Sikilizeni kisa cha GitLab, wale wenye jukwaa la kuhifadhi misimbo ya programu. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wao anahangaika na hifadhidata. Seva ya pili, ile inayonakili ya kwanza, imeachwa nyuma na kukwama. Anaamua kufuta data iliyo kwenye hiyo seva ya pili ili unakili uanze upya. Jambo la kawaida. Anaandika amri ya kufuta, anabonyeza. Sekunde moja au mbili baadaye anashtuka: dirisha alilokuwa ameandikia ni la seva kuu. Anasimamisha amri. Kati ya gigabaiti takriban 300, zimebaki 4.5.

Haidhuru, si kuna nakala? Wakaenda kuzitazama. Nakala za kila siku zilizotakiwa kuwekwa kwenye hifadhi ya wingu: ghala tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo ilikuwa inagoma kila siku. Barua pepe za kutoa tahadhari? Zilitumwa, zikakataliwa njiani kwa sababu hazikuwa na sahihi ya kuzithibitisha. Picha za diski, zile nakala za diski nzima kama ilivyo wakati huo? Ziliwashwa kwenye seva nyingine, si kwenye za hifadhidata. Wenyewe waliandika kwamba kati ya njia tano za kunakili walizokuwa nazo, hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Kilichowaokoa ni picha moja ya mfumo ambayo mhandisi huyohuyo aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Wakapoteza data ya takriban saa sita.

Nawaheshimu sana wale watu, kwa sababu waliyatangaza haya yote hadharani, hata kazi ya uokoaji waliirusha moja kwa moja dunia ikitazama. Ni wangapi kati yetu wangethubutu?

Ninachotaka mkione ni hiki. Siku moja kabla, mtu yeyote pale angeulizwa, angesema kwa moyo mweupe: tuna nakala. Angekuwa hasemi uongo. Alikuwa na maoni kuhusu nakala. Uzoefu wa nakala hupatikana siku ya kurudisha, na siku hiyo ilikuwa haijafika. Kwa hiyo kabla ya kumcheka mjuaji wenu, tafuteni kwanza sentensi ambazo ofisi nzima inazisema bila kuwahi kuzijaribu. "Tunaweza kurudi toleo la nyuma wakati wowote." Mmerudi lini? "Mfumo unaweza kubeba watumiaji mara kumi." Nani aliupima? "Huyu akiondoka, kila kitu kimeandikwa." Kimeandikwa wapi, na nani amekisoma?

La tatu ni gumu kidogo, kwa sababu linawahusu wenye uzoefu wa kweli. Yupo mjuaji wa aina nyingine, na huyu ana mvi. Kauli yake ni moja: "Kule nilikotoka tulifanya hivi na ikafanya kazi." Hakudanganyi. Ilifanya kazi kweli. Kule.

Tarehe 4 Juni 1996, kule Kourou, Guyana ya Ufaransa, nchi za Ulaya zilirusha roketi mpya ya Ariane 5 kwa mara ya kwanza. Haikumaliza dakika moja hewani. Ilipinda, ikavunjika, ikalipuka. Sababu ilikuwa kipande cha programu kilichochukuliwa kutoka Ariane 4, roketi ya awali ambayo kipande hicho kilikuwa kimeruka nayo bila matatizo. Kipande hicho kilichukua namba ya biti 64 na kujaribu kuiingiza kwenye nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Kwenye Ariane 4 namba hiyo haikuweza kukua kiasi hicho. Ariane 5 ilikuwa na kasi zaidi ya kwenda mlalo, namba ikazidi, kompyuta ya uelekezi ikazima. Ya akiba nayo ilikuwa imekwisha kuzima, maana ilikuwa na programu ileile na kosa lilelile. Na kinachouma zaidi: baada ya roketi kuondoka ardhini, hesabu ile haikuwa na kazi yoyote kwenye Ariane 5. Iliachwa tu kwa sababu kule ilikuwepo.

Mwenye mvi akisema "kule", usimkatalie. Muulize kule kulikuwaje. Watumiaji wangapi? Data kiasi gani? Timu ya watu wangapi? Kitu gani kilikuwa hakiwezekani kutokea kule ambacho hapa kinaweza?

Na hili linakata pande zote. Mwaka 2023 timu moja ya Amazon Prime Video, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, ilieleza jinsi ilivyochukua chombo chake cha kukagua ubora wa video, kilichokuwa kimegawanywa vipande vipande, ikakirudisha kuwa programu moja, na gharama za miundombinu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mnajua nini kilitokea? Walewale waliokuwa wakiimba huduma ndogondogo wakaanza kuimba kwamba zimekufa! Soma vizuri: ni timu moja, ni chombo kimoja, na shida yao ilikuwa gharama ya kupitisha data nyingi kati ya vipande. Mfumo wako wa malipo una shida hiyo? Kama hujui, kisa hicho bado hakikuhusu.

(Kwenye mabano tu: siku hizi mjuaji ana msaidizi. Anaiuliza akili mnemba, na baada ya dakika tano anakuletea mpango wa kurasa kumi wenye vichwa vya habari na vidoti. Msiogope wingi wa kurasa. Swali ni lilelile, vipi, na aulizwe yeye, si mashine.)

Sasa nije upande wa pili, maana naona baadhi yenu mnatikisa vichwa kwa furaha mno. Mnafikiri nimewapa rungu la kuwanyamazisha vijana. Sivyo hata kidogo.

Januari 1992, profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam aliandika hadharani kwamba Linux, mfumo endeshi mpya wakati huo, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, imepitwa na wakati. Huyu alikuwa mtu mzito, mwandishi wa mfumo endeshi wa Minix uliotoka 1987, mwalimu wa watu wengi. Hoja yake ilikuwa kwamba kiini cha mfumo endeshi kilichoundwa kama bonge moja ni kurudi nyuma kwenye miaka ya 1970. Aliyekuwa anaambiwa hayo ni Linus Torvalds, mwandishi wa Linux, mwanafunzi wa Helsinki, umri miaka 22. Tungekuwa sisi kwenye kikao hicho, tungemwambia kijana akae chini. Nani asiyeona kwamba profesa ana uzoefu zaidi?

Leo kiini hichohicho kiko ndani ya kila simu ya Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo kwenye orodha ya kompyuta zenye nguvu zaidi duniani zinaendeshwa na Linux. Lakini msimcheke profesa: mwaka huohuo wa 2017 ilibainika kwamba Minix yake iko ndani ya chipu za Intel, ikiendesha sehemu ya usimamizi ambayo watumiaji hawaioni. Kila mmoja alikuwa na mahali pake.

Kijana yule aliokolewa na nini? Si ufasaha wake. Aliokolewa na kitu kinachoendeshwa, ambacho mtu mwingine angeweza kukichukua na kukijaribu usiku huohuo. Hiyo ndiyo nafasi ninayotaka mumpe mjuaji wenu.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Mwenye wazo ndiye mwenye zamu. Unataka tubadilishe kitu? Vizuri. Chagua kipande kidogo, kisichoua mtu kikianguka. Tuandike ukurasa mmoja kabla hatujaanza: tunapima nini, namba ikifika ngapi tunaacha, na simu ya usiku inalia kwa nani. Hapo kwenye simu ya usiku, ndugu zangu, nimeona mawazo mengi makubwa yakipungua ukubwa papo hapo, bila ugomvi.

Nilifanya kazi na kijana mmoja aliyeshikilia kwamba tuache hifadhidata ya majedwali, tuhamie kwenye ile ya kuweka kitu na ufunguo wake tu, kwa sababu ya kasi. Alisema hivyo kila kikao. Tukampa kipande, tukampa mashine, tukampa na zamu. Kasi aliipata, sikatai. Baada ya wiki kama mbili akanijia mwenyewe mezani: "Kaka, wahasibu wanataka ripoti ya wateja kwa tawi, kwa mwezi, na kwa aina ya bidhaa. Naipataje humu?" Nikamwambia sijui, wewe ulikuwa unaipataje? Akacheka. Akarudi akaandika tathmini nzuri kuliko ambayo ningeiandika mimi, akapendekeza ripoti zibaki kwenye majedwali na sesheni za watumiaji, zile kumbukumbu za muda za walioingia kwenye mfumo, ziende kwenye chombo chake. Sesheni ziko huko mpaka leo. Alikuwa na haki nusu, na nusu hiyo tusingeipata kama tungemnyamazisha. Tungempa kila kitu, tungekosa ripoti.

Angalizo: usimpe kipande kwa nia ya kumwona anaanguka. Watu wananusa. Mpe mashine nzuri, mpe muda wa kazi na si wa usiku, na mpe mtu mzoefu wa kumuuliza. Na ikishindikana, taarifa aiandike yeye na aisome yeye. Kikao kikimsikia akisema "hili halikufaa kwetu kwa sababu hii na hii", amepata heshima ambayo maoni yake yote ya nyuma hayakumpa.

Naona dada pale amenyoosha mkono kabla ya wakati, na najua swali lake. "Je, mjuaji akiwa ndiye bosi?"

Bosi humpi zamu. Hapo kuna kazi.

Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov. Siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha hadi mwisho walikuwa sita. Sita! Ikaletwa timu ya kuokoa, na mmoja wao ni Mikey Dickerson, mhandisi aliyetoka Google. Vikao vya kila siku vikawekewa kanuni chache. Moja ilisema wanaopaswa kuzungumza ni wale wanaolijua tatizo zaidi, si wenye vyeo vikubwa zaidi. Na mtu yeyote akijikuta ameketi kimya huku wakubwa wanamfunika kwa maneno wakiwa na taarifa zenye usahihi mdogo kuliko zake, basi kikao kimepotoka na yeye Dickerson angependa kuambiwa.

Mnaona ujanja wake? Hakumwambia mkubwa yeyote kwamba hajui. Aliweka utaratibu wa chumba. Bosi wengi, nawaambia kwa kuwaona, hawakatai utaratibu. Wanakataa kuaibishwa mbele za watu. Kwa hiyo mwombe mwenyekiti wa kikao, kabla ya kikao, kwamba kila hoja ianze na anayeshika mfumo, dakika tano bila kukatwa. Bosi azungumze mwisho. Ukipata hilo, umepata robo tatu ya unachotafuta.

Usipolipata, peleka hesabu. Bosi amerudi kutoka kongamanoni na neno jipya? Usimjibu "haiwezekani". Mwandikie: watu watatu, miezi minne, na katika miezi hiyo kazi hizi mbili zitasimama; lakini tukianza na kipande hiki kidogo, ni mtu mmoja kwa wiki tatu. Mweleze achague, na achague kwa maandishi. Wapo watakaochagua kikubwa hata hivyo. Basi fanyeni, lakini ukurasa wa vipimo uwepo na namba ya kuacha iwe imeandikwa kabla mapenzi hayajakolea.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali nayapokea sasa, na tuanze na wale wa viti vya nyuma, maana hawa wa mbele wameongea tangu asubuhi.